Mume Anataka Ford, Baba Mkwe Anataka Toyota

Salamu kwako Kaka Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa tuko Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto watatu: wa miaka 9, wa 5 na wa 3. Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee upande wa Marysville. Mume wangu yuko ghalani, zamu ya mchana. Gari letu limefika mwisho. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji imelila chini mpaka fundi amesema halipandishi jeki tena, anaogopa litamkatikia mikononi.

Tumeweka akiba dola 7,000, na chama cha mikopo kimekubali kutuongezea 6,000. Tumekubaliana tutafute sedani ya ukubwa wa kati, watoto wakae nyuma watatu, buti lichukue ununuzi wa wiki, na mafuta lisinywe sana. Makubaliano yameishia hapo.

Mume wangu ameipenda Ford Fusion ya 2017, injini ya 1.5 yenye turbo, maili 78,000. Iko kwenye yadi, bei 10,900. Wenzake kazini, hasa mzee mmoja ambaye babake alifanya kazi kiwanda cha Ford, wamemwambia nchi imekulea, nunua kilichotengenezwa hapa. Tena anasema ushuru huu mpya utafanya spea za Toyota zisinunulike.

Upande wa pili kuna baba mkwe. Mzee aliendesha teksi Mombasa miaka na miaka, Corolla tupu, na kila simu swali lake la kwanza ni "Mmeshanunua Toyota?" Mimi niko naye. Kuna mtu wa kwetu hapa hapa mjini anauza Camry ya 2016, maili 112,000, kwa 12,800. Ni safi, inang'aa. Nilipomwomba twende nayo kwa fundi aikague, alicheka akasema baina ya ndugu hakuna ukaguzi. Hati ya gari bado iko kwa jina la rafiki yake, lakini anasema hilo ni jambo dogo.

Nyumbani hakuna ugomvi wa kelele, ila kila tukikaa mezani gari linakaa nasi. Mume wangu anasema mimi nashabikia jina. Mimi namwambia yeye anataka kuwafurahisha watu wa ghalani ilhali mimi ndiye nitakayekwama barabarani saa tano usiku kwenye barafu. Na huwa tunafikiria siku moja tutarudi nyumbani na gari letu, kwa hiyo tunataka litakalofaa na kule.

Nani ana haki kati yetu?

Mke wa Zamu ya Usiku, Columbus

*

Dada yangu,

Nianze na shemeji. Mwombe arudi pale yadi, asimame nje ya ile Fusion upande wa dereva, achungulie kwenye kona ya dashibodi chini ya kioo cha mbele. Kuna kibati chenye namba ya chesisi, herufi na tarakimu 17. Asome ya kwanza tu. Ikiwa 1, 4 au 5, gari limeundwa Marekani. 2 ni Kanada, 3 ni Meksiko, J ni Japani, K ni Korea. Fusion ya 2017 itaanza na 3, maana iliundwa Hermosillo, kaskazini mwa Meksiko. Zipo Fusion zilizotoka Flat Rock, Michigan, lakini ni za miaka ya nyuma kidogo.

Kisha asome ya Camry. Nyingi za mwaka huo zinaanza na 4, kwa sababu Camry za soko la hapa hutoka Georgetown, Kentucky, kiwanda kilichoanza kuzitoa 1988. Kutoka hapo kwenu ni safari ya saa kama tatu kuelekea kusini. Na wewe mwenyewe ukienda zamu unaelekea upande uleule wa kiwanda cha Honda cha Marysville. Accord ya kwanza ilitoka pale Novemba 1982, na ndiyo gari la kwanza la kampuni ya Kijapani kuundwa Marekani. Honda walikuwa wakitengeneza pikipiki hapo tangu 1979. Mwaka 1981 Japani ilikubali, kwa kubanwa na Washington, kupunguza idadi ya magari inayoyaleta, na kampuni za Kijapani zikaona njia ya kuendelea kuuza ni kujenga viwanda hukuhuku. Nissan wakaanza Smyrna, Tennessee, 1983.

Kwa hiyo baina ya magari mawili mnayogombania, "la nje" limeundwa Kentucky na "la nyumbani" limevuka mpaka kutoka Meksiko. Usimcheke shemeji kwa hilo, kwani hata huyo mzee wa ghalani huenda hajui. Na tumpe haki yake: faida ya Ford inarudi Michigan, wahandisi wengi wako huko, na wafanyakazi wa Ford na wa General Motors hapa nchini wako ndani ya UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, wakati wale wa Honda Ohio na Toyota Kentucky hawana chama. Kama kinachomgusa shemeji ni kazi za wanachama, basi gari lake lilikuwa Chevrolet Malibu, lililoundwa Kansas City, upande wa Kansas, mpaka Novemba 2024. Fusion haimpi hilo.

Kuhusu ushuru: ule ulioanza Aprili 2025, kwa asilimia 25, kwa magari ya kutoka nje, na kugusa spea mwezi uliofuata, hauulizi nembo iliyoko kwenye boneti. Unauliza kitu kimetoka nchi gani. Spea za Ford nazo hutoka pande nyingi za dunia. Kwa Camry na Accord, yadi za magari yaliyovunjwa zimejaa vipande vyake Ohio nzima, kwa kuwa hayo mawili yamekuwa juu ya orodha ya mauzo miaka mingi mno. Spea haitakusumbua. Anayetaka sedani mpya ya kawaida ya familia kutoka Detroit siku hizi ndiye mwenye kazi, kwani Chrysler waliacha kuunda sedani yao iitwayo 200 mwaka 2016, Ford wakaacha Fusion 2020, na Malibu ndiyo hiyo nimekutajia.

Sasa tuache bendera, tufungue boneti.

Fusion ya 2017 yenye injini ya 1.5 ya turbo sikushauri. Sijali imeundwa wapi. Injini hiyo ya modeli za 2017 hadi 2019 ina kasoro inayofahamika: maji ya kupozea hupenya pale bloku inapokutana na silinda hedi, yakaingia ndani ya silinda. Ford wenyewe walituma waraka kwa mafundi wao mwaka 2019 kuhusu jambo hilo, na dawa waliyoandika ni kubadilisha injini karibu yote. Nje ya dhamana, hiyo ni maelfu ya dola. Dalili zake hujificha. Gari likiwashwa asubuhi linatetemeka kidogo halafu linatulia, moshi mweupe wenye harufu tamu, maji yanapungua na hakuna tone chini. Mwenye yadi hukuonyesha gari ambalo tayari limeshapashwa moto, hivyo asubuhi ile huioni. Kwa familia yenye pesa ya dharura, ni kamari. Kwenu, ambao senti zote zimeingia kwenye ununuzi, usiguse.

Lakini shemeji akiipenda Fusion kwa umbo lake na jinsi inavyotulia barabarani (na mimi nakiri inatulia), kuna Fusion nyingine. Atafute yenye injini ya 2.5 isiyo na turbo. Ni injini ya kizamani kidogo, haina mbio, na ndiyo sababu inadumu. Kwa umri na maili zilezile, Fusion hiyo huuzwa chini ya Camry kwa tofauti inayoonekana, na tofauti hiyo ndiyo tairi mpya za theluji na breki. Watu wengi wa kwetu hawaiangalii kabisa kwa kuwa haina jina la Kijapani, na wenye yadi wanalijua hilo.

Nije kwa Mzee, baba mkwe wako, na wewe uliye upande wake. Ana haki kwa kiasi kikubwa. Camry ya kuanzia 2012 hadi 2017 yenye injini ya 2.5 na giaboksi ya kawaida ya gia sita ni katika magari yasiyo na makuu niliyowahi kuyashika. Lakini jina Toyota halitoshi kuwa cheti. Camry za 2007 hadi 2009 za injini ya 2.4 zilikuwa zinakunywa oili kiasi kwamba kampuni ililazimika kuongeza muda wa dhamana kwa tatizo hilo. Altima ya Nissan za 2013 hadi 2016, Wajapani hao hao, zilikuwa na giaboksi ya mkanda wa chuma, ile CVT, iliyowafikisha mahakamani mpaka wakarefusha dhamana hadi miezi 84 au maili 84,000. Mtu angemtajia Mzee Altima kwa sauti ya kujiamini, Mzee angesema "Japani hiyo, chukua," na mngelia.

Na hiyo Camry yako, dada, mimi inanitia wasiwasi kuliko Fusion. Gari lenyewe huenda ni zuri. Wasiwasi wangu uko kwa muuzaji.

Hati iliyo kwa jina la rafiki si jambo dogo hapa Ohio. Aliyetajwa kwenye hati ndiye anayeuza, na sahihi yake lazima iwekwe mbele ya mthibitishaji wa hati. Mtu anayenunua gari, asilihamishe kwa jina lake, akaliuza tena, anavunja sheria, na mara nyingi anafanya hivyo ama kukwepa kodi ama kwa sababu kuna kitu hataki kiandikwe. Inawezekana kuna deni la benki juu ya gari. Inawezekana liligongwa, bima ikalitangaza halifai, likanyooshwa na kupakwa rangi. "Inang'aa" ulivyosema, na gari la miaka hiyo lililopita majira ya baridi ya Ohio likang'aa sana, nalitazama mara mbili. Mwambie, kwa heshima zote za kindugu: tukutane ofisi ya hati ya kaunti, na rafiki yako awepo, na kabla ya hapo gari liende kwa fundi nitakayemchagua mimi na nitakayemlipa mimi. Akikubali, endelea. Akisema umemvunjia heshima, ameshakujibu. Udugu ungekuwa unaondoa ukaguzi, wengi wetu tusingekuwa na kesi na watu tuliosoma nao.

Fundi akiliinua, asianze na injini. Aanze chini. Wewe umeshaonja chumvi inavyofanya kazi. Mabomba ya breki, mabomba ya mafuta, mihimili ya mbele inayoshika injini, na pale mikono ya tairi za nyuma inapofungwa. Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa kwenye ekzosi ni kawaida. Kutu inayomeguka kama mkate ukiigonga kwa bisibisi, ondoka. Hapo haijalishi injini ni nzima kiasi gani. Wengine hupaka rangi nyeusi nzito chini ili mteja asione, kwa hiyo rangi mpya chini ya gari la zamani ni swali, si sifa. Ukiweza kupata gari lililotoka majimbo ya kusini, kusikoanguka theluji, ongeza hata dola mia tano bila kulalamika.

Pia ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali kuu ya usalama wa barabara. Ni bure. Itakuonyesha kama kuna wito wa kurudisha gari kwa marekebisho ambao mwenyewe hakuitikia. Mikoba ya hewa ya Takata, iliyokuwa ikilipuka na kurusha vipande vya chuma, ilikuwa kwenye Honda nyingi za kabla ya 2013, Accord zikiwemo. Marekebisho hayo hulipwa na kampuni, wewe hulipi kitu.

Sasa, ningekuwa na 13,000 zenu ningefanya nini? Kumbuka kwanza kwamba kodi ya mauzo na ada za hati zinatoka humohumo, kwa hiyo gari lenyewe lisizidi kama 11,500. Bakiza kidogo kwa tairi.

Ningetafuta Accord ya 2016 au 2017 yenye injini ya 2.4. Nyuma ina nafasi nzuri, na giaboksi yake ni CVT pia lakini ya Honda ya miaka hiyo imejibeba vizuri kuliko ya Nissan, mradi oili yake imekuwa ikibadilishwa. Dai risiti. Nyingi za kuanzia 2018 zina turbo ya 1.5, na kwa mtu wa safari fupi za baridi kali injini ndogo za turbo za Honda zimelalamikiwa kwa petroli kuchanganyika na oili. Za zamani kidogo ndizo nzuri zaidi kwako.

Halafu kuna moja ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja: Mazda6 ya 2015 hadi 2017. Hii namba yake ya chesisi inaanza na J kweli kweli, imeundwa Hofu, Japani. Mzee anaijua kwa jina la Atenza, Mombasa ziko tele. Injini ya 2.5 bila turbo, gia sita za kawaida, hakuna mkanda. Huuzwa chini ya Camry kwa sababu Wamarekani wengi hawakuizoea. Nyuma ni finyu kidogo ukilinganisha na Accord, na hapo ndipo kwenu kunaweza kukwama, nitalisema punde. Ni ajabu kidogo: kati ya magari ya Kijapani ninayowashauri, lililoundwa Japani kwenyewe ni moja tu, na ndilo linaloweza kuwa la bei rahisi.

Hyundai Sonata na Kia Optima, za Kikorea, sizipendekezi kwenu, ingawa bei zitakuvuta. Injini zake za muongo uliopita zilikuwa na wito mkubwa wa marekebisho kuanzia 2015, na zile zinazowashwa kwa ufunguo wa kuzungusha hazikuwa na kizuizi cha elektroniki dhidi ya wizi. Vijana wakajifunza mtandaoni kuziiba. Jiji lenu la Columbus ni katika yaliyozishtaki kampuni hizo. Gari lako litalala nje ya nyumba ya wazee usiku kucha, sina haja ya kuendelea.

Lolote mtakalochagua, pigieni simu kampuni ya bima kabla ya kutia sahihi, na muwape namba ya chesisi. Mkiwa na mkopo, mkopeshaji atawataka bima kamili, na tofauti ya bei ya bima kati ya gari na gari huwa inawashangaza watu baada ya kununua.

Watoto watatu. Sheria ya Ohio inataka mtoto wa chini ya miaka 4, au wa uzito wa chini ya ratili 40, awe kwenye kiti chake, na hadi miaka 8 akae juu ya kiti cha kunyanyulia isipokuwa amefika futi 4 na inchi 9. Kwa hiyo wako wawili wana viti na mkubwa anakaa na mkanda. Msiende kujaribu gari bila viti hivyo. Vibebeni mpaka yadi, vifungeni nyuma, mkubwa akae katikati au pembeni, kisha mfunge milango yote na mkubwa ajaribu kufikia kifungio cha mkanda wake mwenyewe. Vipimo vya kiwandani havikuambii hilo. Asipoweza, kila asubuhi ya shule kutakuwa na kilio, na gari hilo si lenu hata likiwa zuri namna gani.

Kuhusu kurudi nalo nyumbani, tafadhali mfute hilo kwenye hesabu. Magari ya hapa usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Tena gari lililotumika likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, na haya tunayoyazungumzia yameshapita. Siku ya kurudi mtaliuza hapa, na mtanunua Atenza Mombasa.